Bafu la juu linavujia dari ya chini: uzibe kwa juu, ufungue kwa chini, au uvunje lote?

Doa la kahawia kwenye dari iliyo chini ya bafu lina tiba tatu, na mara nyingi fundi unayemwita ameshachagua moja kabla hajapanda ngazi. Fundi vigae atasema vunja. Fundi bomba atasema tufungue dari. Fundi rangi atakuja na silikoni mfukoni na kopo la rangi mkononi. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila si kwenye bafu lilelile.

Hapa tunazilinganisha njia hizo kwa nyumba za Kigoma zenye chumba chini ya bafu: ghorofa za mjini, na zile nyumba za mteremkoni ambazo ukiingia kutokea barabarani uko juu, kumbe vyumba vya wapangaji viko chini ya miguu yako.

Kwanza usalama. Kama doa liko karibu na taa, au maji yanadondoka kwenye holda, zima umeme wa taa hizo kwenye meinswichi kabla ya kugusa chochote. Mabomba ya nyaya yaliyolazwa ndani ya zege hupitisha maji vizuri mno, ndiyo maana tone linaweza kutokea kwenye taa iliyo mita mbili kutoka lilikoanzia.

Ujue ni maji gani

Bafuni kuna maji ya namna tatu. Kuna yanayokuja kwa presha kutoka kwenye tanki au bomba la mtaa. Kuna yaliyokwisha kutumika, yanayoshuka kwenye trepu (kipande kilichopinda chini ya tundu la maji la sakafuni) na bomba la taka. Na kuna yasiyopita bombani kabisa, yanayopenya kwenye grauti (kijazio cha kati ya vigae), kwenye pembe na kwenye matundu ya ukuta nyuma ya koki. Tiba inayoponya aina moja haizigusi nyingine mbili, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Dalili zake hutofautiana kwa saa. Bomba la presha halijali kama mtu ameoga au hajaoga: doa linabaki bichi mchana na usiku, hata familia ikisafiri. Likikua zaidi siku ambazo maji ya KUWASA, mamlaka ya maji ya Kigoma, yanatoka kwa nguvu, angalia bomba lililoungwa moja kwa moja na mtaa, si lile la kutoka kwenye tanki. Trepu au bomba la taka hutoa matone dakika chache baada ya mtu kuanza kuoga, kisha hukatika mapema. Maji ya vigae ni ya polepole: leo mmeoga watu watano, doa linapanuka kesho, halafu linakauka pembeni na kuacha mduara wa kahawia. Ukikuta unga mweupe mgumu umeganda kwenye zege, ujue maji yamepita hapo kidogo kidogo kwa muda mrefu na kuyeyusha chokaa ya saruji. Ukikuta kutu inachirizika, nondo zimeanza kuliwa na hilo si la kuahirisha.

Mvua nayo huzua mashaka. Kigoma msimu wake huanza mwishoni mwa mwaka na kuishia karibu na Mei, kwa hiyo doa linaloendelea kukua Julai au Agosti halitoki paani. Kama tatizo limeanza msimu wa mvua na hutaki kungoja kiangazi, vipimo vifuatavyo vitakujibu.

Vipimo vinne, kuanzia kisichogharimu kitu

Cha kwanza ni bomba la taka peke yake. Sakafu iwe kavu. Ondoa kichujio, ingiza mpira wa maji ndani ya trepu, umwage ndoo mbili au tatu za lita 20 bila kulowesha vigae. Mtu mwingine asimame chini. Matone yakitokea, umeshapata jibu bila kuvunja hata kigae kimoja: ni trepu au bomba lake.

Cha pili ni kutuamisha maji sakafuni. Ziba mdomo wa trepu kwa kizibo cha mpira, au kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kushindiliwa. Jaza maji ya sentimita 2.5, yasivuke kizingiti cha bafu, weka alama ya penseli ukutani, uache saa 24. Bafu la mita 1.2 kwa 1.2 litachukua lita 36 tu, uzito ambao zege la ghorofa halitausikia. Maji kushuka milimita moja au mbili ni mvuke wa kawaida. Yakishuka zaidi na dari ikilowa, sakafu inapitisha.

Mahali pa kuweka kizibo pana siri yake. Ukikiweka juu kabisa, unapima vigae na pembe. Ukikisukuma chini ndani ya shingo ya trepu, unapima pia kiungo kati ya shingo hiyo na sakafu, na kiungo hicho ndicho mkosaji wa mara kwa mara kuliko vyote. Sakafu inapoinuliwa ili kupata mteremko, mafundi wengi huongeza kipande kifupi cha bomba juu ya trepu na kukisimamisha tu, bila gundi. Maji yanayopenya kwenye vigae hutelemka kwa nje ya kipande hicho na kuingia moja kwa moja kwenye tundu la zege. Fanya kipimo mara mbili, kizibo kikiwa juu kisha kikiwa chini. Ikivuja pale tu kizibo kinapokuwa chini, umejiokoa na gharama ya kuvunja bafu zima.

Cha tatu ni ukuta. Trepu ikiwa wazi, rushia maji ukuta mmoja mmoja kwa dakika 15 hadi 20, ukianzia chini kupanda juu, mwisho uelekeze kwenye sahani ya chuma iliyo nyuma ya koki. Sahani hiyo ikiwa haijazibwa, maji huingia ndani ya ukuta kila mtu anapooga.

Cha nne ni presha. Wengi hufunga koki zote, hutia alama ndani ya tanki na kuangalia asubuhi. Kipimo hiki kinafaa kwa mvujo mkubwa tu. Tanki la lita 1,000 lenye kipenyo cha mita 1.1 hushuka sentimita moja kwa kila lita tisa na nusu hivi, ilhali bomba linalodondosha tone moja kwa sekunde halimalizi lita mbili kwa usiku mzima. Hiyo ni milimita mbili, na jicho haliioni. Pampu ya mkono yenye geji ndiyo yenye ukweli. Tenga hita ya maji, ziba ncha za inchi nusu kwa vizibo vya uzi, pandisha hadi bar 4 kwa nyumba inayotegemea tanki, subiri nusu saa, rudisha sindano bar 4 kisha ndipo uanze kuhesabu. Kushuka kidogo mwanzoni ni kwa sababu bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa kuchomelewa) hutanuka linaposhindiliwa. Ikishuka tena ndani ya saa nzima inayofuata, kuna tundu.

Lipo bomba moja ambalo kipimo hiki hulikosa: lile linalopanda kutoka kwenye miksa (koki inayochanganya maji moto na baridi) hadi kichwa cha shawa. Miksa ikifungwa, bomba hilo halina presha yoyote. Likiwa na ufa, linavuja mtu akioga tu, na kila mtu atalaumu vigae. Ondoa kichwa cha shawa, ziba ncha hiyo, fungua miksa, ndipo upime.

Njia tatu kando kwa kando

| | Kuziba kwa juu | Kufungua kwa chini | Kuvunja na kuanza upya |
|---|---|---|---|
| Huponya | Pembe zilizofunguka, grauti iliyotoboka, sahani ya koki | Trepu, bomba la taka, bomba la presha lililo chini ya zege | Sakafu na kuta zisizo na kizuizi cha maji |
| Haiponyi | Bomba lolote | Maji yanayopenya vigae | Bomba bovu, kama halijabadilishwa wakati huohuo |
| Bafu hufungwa | Siku 2 hadi 3 | Nusu siku hadi siku 2 | Siku 8 hadi 14 |
| Fundi | Hata mwenyewe ukiwa mwangalifu | Fundi bomba, na wa jipsamu kurudisha bodi | Fundi vigae anayejua kizuizi, pamoja na fundi bomba |
| Huharibika kwa | Kupaka juu ya unyevu au silikoni ya zamani | Kuunganisha bomba lenye maji au uchafu | Kuweka vigae kabla ya kupima kwa maji |

Kuziba kwa juu ni rahisi na hudharauliwa, kumbe hushindwa kwa sababu ya haraka tu. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, kwa hiyo ya zamani ikatwe yote kwa kisu, pafutwe kwa spiriti, paachwe pakauke siku nzima au mbili bila mtu kuoga. Pembe ya sakafu na ukuta, na pembe za ukuta kwa ukuta, zijazwe silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, si grauti. Nyumba hutikisika na kutanuka kidogo. Grauti kwenye pembe hupasuka, silikoni huvutika. Mrija wa mililita 300 unatosha mita 10 hadi 12 kwa mstari wa milimita 5. Subiri saa 24 kabla ya maji.

Grauti iliyochakaa ikwanguliwe angalau nusu ya kina cha kiungo. Ukiipaka juujuu itabanduka kama magamba. Grauti ya epoksi haipitishi maji, ila bei yake ni kubwa na huganda upesi kwenye joto, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo.

Hata hivyo grauti ya kawaida na vigae si kizuizi cha maji. Kizuizi ni ile tabaka iliyo chini yake, na kama haikuwekwa wakati wa ujenzi, kuziba kwa juu kunakununulia muda tu. Muda huo unaweza kukutosha kama unapanga kuuza au kukarabati mwakani. Kwa mwenye nyumba anayekaa humo, ni gharama ya kurudiwa.

Na usihukumu kazi kesho yake. Sakafu ya saruji chini ya vigae inakuwa imeshanyonya maji, na yataendelea kudondoka siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au tatu, hata kama umeziba barabara. Wapo waliovunja bafu lililokwisha kupona.

Kufungua kwa chini ndiyo njia tunayoipendelea popote pale vipimo vinapoonyesha bomba, hasa penye dari ya jipsamu. Bodi ya sentimita 40 kwa 40 hukatwa kwa msumeno mwembamba na kurudishwa kwa skrubu. Ukilinganisha na kutafuta vigae vinavyofanana na vya miaka sita iliyopita, hiyo ni kazi nyepesi. Usikate palipo na doa moja kwa moja. Maji hutembea juu ya bodi na chaneli za chuma hadi yapate skrubu au kiungo, kwa hiyo pima kwa futi umbali wa trepu kutoka kuta mbili huko juu, uhamishe vipimo hivyo chini, ukate hapo.

Kwenye bomba la taka la PVC la inchi 2, angalia viungo vilivyotengenezwa kwa kupasha bomba moto ili ncha ipanuke na kumeza nyingine. Hapo plastiki hubaki nyembamba na isiyo na duara kamili, na gundi haikutani na pande zote. Kata kipande chote kibovu, weka kipya kwa soketi za dukani. Jaribu kwanza bila gundi, tia alama, piga msasa, futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo duara, shikilia nusu dakika. Mteremko uwe sentimita 2.5 kwa kila mita. Bomba lililolala hukusanya sabuni na nywele, maji husimama ndani yake, na kiungo dhaifu hupata muda wa kutosha wa kuvuja.

Bomba la presha la PPR linachomelewa kwa mashine ya nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7. Huunganishwa ndani ya sekunde 4 na kuachwa lipoe bila kutikiswa kwa dakika 2 au 3. Likiwa na maji ndani, mvuke hutengeneza mapovu kwenye kiungo, na kiungo hicho kitavuja baada ya wiki. Kwa hiyo kama valvu ya nyumba haikati maji sawasawa, badilisha valvu kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, usimalizie kwa mashine iliyoanza kupoa.

Kwenye nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma, kutu hula kwenye uzi wa kiungo. Kufunga ukanda wa tyubu ya baiskeli kunakuvusha usiku mmoja, ila bomba lililooza uzi huwa limeoza pengine pia; badilisha urefu wote unaofikika.

Ugumu huja pale ambapo dari ni zege lenyewe lililopigwa plasta, na trepu imezama ndani yake. Huwezi kufungua kwa chini bila kuchimba zege lenye nondo, na hilo lisifanywe kwa tindo na mtu asiyejua nondo zinapita wapi. Hapo ndipo inapokuja njia ya katikati: kung'oa vigae vinne tu vinavyozunguka trepu kwa juu, kubadilisha shingo yake kwa gundi, kupaka kizuizi cha maji kuzunguka shingo hiyo na kurudisha vigae. Inafaa kwa bafu ambalo kipimo cha kizibo kimeonyesha tatizo liko shingoni peke yake. Kama sakafu nzima inapitisha, kiraka hiki hakitasaidia.

Miksa nayo isisahaulike. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake hukaribia 9, na yana magnesiamu nyingi. Yakikauka huacha ganda jeupe kwenye vichwa vya shawa na ndani ya katriji ya miksa, yaani kiini chake kinachofungua na kufunga maji. Koki inayodondosha muda wote inalowesha sakafu muda wote. Katriji nyingi ni za milimita 35 au 40, na hazibadilishani. Ing'oe ya zamani uende nayo dukani. Mipira yake ipakwe grisi ya silikoni, si mafuta ya mgando ya kujipaka, maana hayo huvimbisha baadhi ya aina za mpira.

Kuvunja lote ni haki ya bafu ambalo limefeli kipimo cha kutuamisha maji kizibo kikiwa juu, hata baada ya pembe kuzibwa, au ambalo vigae vyake vinalia vitupu ukivigonga. Hakuna sababu nyingine. Vigae vilivyofifia si sababu ya kuvunja.

Ondoa vigae na sakafu ya saruji hadi kwenye zege. Ukuta wa kuogea uvuliwe hadi mita 1.8. Mabomba yaliyofichuka yapimwe presha sasa, kwa kuwa nafasi hii hairudi. Pembe zijazwe saruji kwa mviringo mdogo, zilazwe utepe wa kitambaa, kisha kizuizi cha maji cha aina ya saruji na kimiminika kipakwe mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza. Kwa mikono miwili hesabu kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba. Bafu la mita 1.2 kwa 1.2 lenye kuta tatu lina mita za mraba 8 hivi, kwa hiyo karibu kilo 28. Mzigo mwingi wa aina hii hufika Kigoma kutoka Dar es Salaam. Nunua wote, pamoja na utepe, na usome tarehe ya mwisho kwenye ndoo kabla nyundo haijainuliwa. Bafu lililovunjwa likingoja ndoo moja lina kero kuliko lililokuwa linavuja.

Usikubali badala yake unga wa kuzuia maji unaochanganywa kwenye saruji, ule wa kilo moja kwa mfuko. Unasaidia, lakini saruji ikipata ufa wa unywele maji yanapita ufani kana kwamba unga haukuwepo. Vilevile kubandika vigae vipya juu ya vya zamani: kunainua sakafu kama sentimita moja na nusu, kunazamisha mdomo wa trepu, na unyevu uliokuwa chini unafungiwa humo humo.

Makubaliano na fundi yawe hivi: kizuizi kikishakauka, sakafu ijazwe maji saa 24 kabla ya kigae cha kwanza, na malipo ya awamu ya pili yatoke baada ya mwenye nyumba kukagua dari. Fundi anayeijua kazi hatakataa. Mteremko wa kuelekea trepu uwe sentimita moja hadi mbili kwa mita.

Dari yenyewe

Bodi ya jipsamu iliyolegea au kubonyea ikatwe, rangi haiinyooshi. Plasta iliyojitenga ikigongwa hulia tupu, nayo ibanduliwe. Iliyo imara iachwe ikauke wiki mbili hadi nne. Gundisha kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 pande zote kwa utepe, uache siku moja: ukikuta jasho upande wa ndani, bado mapema. Ikikauka, paka kwanza mkono mmoja wa rangi ya msingi ya mafuta, ndipo rangi ya maji ifuate. Ukianza na rangi ya maji, ule ukahawia huyeyuka ndani yake na kurudi juu ndani ya siku chache, na mpangaji wa chini atakwambia bafu linavuja tena wakati halivuji.

Kama ulikata bodi, usiifunge moja kwa moja. Weka fremu ya kifuniko kinachofunguka, ili siku nyingine trepu ikaguliwe kwa bisibisi na tochi.